Wimbo Mmoja, Mara Tatu: Mkusanyiko wa Nyimbo Bora za John Denver

Mabibi na mabwana, hamjambo. Asanteni kwa kunipa jioni hii.

Santuri niliyokuja nayo ilitoka Novemba 1973. Ina nyimbo 11, na mwenyewe John Denver, mwimbaji wa Marekani, alikuwa hajatimiza hata miaka 30. Kampuni ya santuri ikitaka kutoa mkusanyiko wa namna hii, kwa kawaida hufungua kabati, hutoa kanda za zamani, ikazipanga na kuchapa jalada jipya. Denver hakuridhika na hilo. Nyimbo kadhaa za mwanzo alizirudia studioni, akaziimba upya, kwa kuwa aliona sasa anaziimba vizuri zaidi. Wapo wanaosema kufanya hivyo ni kuchezea historia. Mimi nasema alizitendea haki.

Sisi tuna neno letu, zilipendwa. Redio ikizipiga Jumapili tunatulia, maana zimebeba ujana wa wazee wetu. Lakini litazameni neno lenyewe: li, wakati uliopita. Denver alizirudia nyimbo zake kama mtu ambaye bado anazipenda.

Chukueni "Leaving on a Jet Plane". Aliutunga mwaka 1966, akaurekodi kwa pesa yake mwenyewe katika santuri ya nakala 250 hivi, akazigawa kama zawadi za Krismasi. Siku hizo uliitwa "Babe, I Hate to Go". Mtayarishaji wake, Milt Okun, ndiye aliyemshawishi abadili jina. Kundi la waimbaji watatu, Peter, Paul and Mary, wakauchukua, na Desemba 1969 ukashika nafasi ya kwanza katika chati za Marekani. Mwaka huohuo Denver naye aliurekodi tena, ila dunia ilikuwa imekwisha kuuzoea kwa sauti za watu wengine. Kwa hiyo huu wa 1973 ni wa mara ya tatu. Ni mtu anayedai chake, tena bila kupaza sauti.

Na ni wimbo mwepesi kweli! Mizigo imefungwa, alfajiri inaingia, teksi inapiga honi nje, mwanamume yuko mlangoni anaona uchungu kumwamsha mpenzi wake. Basi. Kila nikiusikia namwona marehemu baba akifunga sanduku la bati kwa kamba ya katani, usiku wa kurudi kazini Mombasa, utambi wa chemli umeshushwa ili sisi watoto tusiamke. Mimi nilikuwa macho. Sikumwambia kamwe.

"Take Me Home, Country Roads" mnaujua wote, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Aliumalizia na watunzi wenzake, Bill Danoff na Taffy Nivert, mjini Washington, usiku mmoja wa Desemba 1970. Wawili hao walikuwa wameuanza baada ya safari ya gari katika barabara ya Maryland, wala West Virginia inayotajwa humo haikuwa kwao. Hata hivyo, mwaka 2014 jimbo hilo liliufanya kuwa mmoja wa nyimbo zake rasmi.

Kinachonigusa zaidi ni "Sunshine on My Shoulders". Ulikuwa umekaa katika albamu ya 1971, umezungukwa na nyimbo zenye kelele kuuzidi. Mwanzoni mwa 1974, mkusanyiko ukiwa umekwisha kutoka, ndipo ulipopanda hadi nafasi ya kwanza. Mkusanyiko wenyewe nao ulikaa kileleni wiki tatu.

Najua mtaniuliza, "Annie's Song" uko wapi? Haumo, maana ulikuwa haujatoka. Aliutunga akiwa amekaa kwenye kiti cha kamba kinachopandisha watu mlimani kule Aspen, Colorado. Wimbo ambao wengi wenu mmeucheza harusini ulikuwa bado uko mbele yake, na huku tayari ameshatoa santuri ya nyimbo zake bora.

Sasa naomba taa zipunguzwe. Nitaweka sindano kwenye huo wa teksi, na tuusikilize hadi mwisho.