Kwa Nini Tanga Tunapiga Fremu 25

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa shikamooni, na nyie vijana wa kamera mliojibanza nyuma karibu na soketi, hamjambo? Najua mmekaa huko kwa ajili ya kuchaji betri. Chajini tu, maana umeme huohuo ndio mada yangu ya leo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilipiga harusi hapa Ngamiani nikiwa na kamera mbili. Moja yangu, nyingine nimeazima kwa jamaa aliyerudi nayo kutoka Marekani, inang'aa, kila mtu anaisifia. Ukumbi una tyubulaiti kama zote. Nikapiga ndafu, nikapiga keki, nikapiga wazazi wanalia. Wiki iliyofuata nikapeleka kazi nyumbani kwa bibi harusi. Mama mwenye nyumba akatazama dakika kama tano, akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba, siku ile ukumbini mvua ilikuwa inanyesha?"

(Kicheko.)

Mvua haikuwepo. Ilikuwa ni michirizi ya giza inayopanda na kushuka kwenye skrini, kila picha iliyotoka kwenye ile kamera ya kuazima. Nilimsema vibaya fundi umeme wa ukumbi bure. Kosa lilikuwa kwenye menyu ya kamera, mahali ambapo wengi wenu hamjawahi kufungua tangu mnunue.

Tuelewane hapa. Umeme wetu, uwe unatoka Hale, Pangani au Kidatu, unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo hezi 50. Kila unapokwenda taa inawaka, kila unaporudi inawaka tena. Kwa hiyo tyubulaiti ya kizamani, na hizi balbu za LED za bei ya chee, zinapepesa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona.

Sasa fungua shata, yaani kile kidirisha kinachoingiza mwanga kwenye kamera, kwa moja ya hamsini ya sekunde. Ndani ya muda huo taa imepepesa mara 2 kamili. Kila fremu, yaani kila picha moja moja inayojenga video, inapata mgao uleule wa mwanga, hakuna anayedhulumiwa. Ile kamera ya Marekani ilikuwa imewekwa fremu 30 kwa sekunde na shata moja ya sitini, kwa sababu umeme wa kwao ni hezi 60 na huko hesabu inakubali. Hapa Ngamiani shata hiyo inabeba mpepeso mmoja na kipande cha wa pili. Fremu hii inapata zaidi, ile inapata pungufu, na ndani ya fremu moja juu kuna mwanga na chini kuna kivuli. Hiyo ndiyo mvua ya mama.

Kwa hiyo ukiona kwenye menyu kumeandikwa PAL na NTSC (mifumo miwili ya televisheni, PAL ya wenye hezi 50, NTSC ya Wamarekani na hezi 60 zao), au 50Hz na 60Hz, usidhani kubwa ndiyo bora. Wanaokuambia 60 ni ya kisasa wanakudanganya, au hawajui wenyewe. Ni makubaliano tu ya nani anatumia umeme gani. Na ukijikuta umelazimika kupiga fremu 30 hapa kwetu, basi angalau weka shata moja ya hamsini au moja ya mia, mvua itakatika.

Televisheni ilifuata umeme tangu mwanzo. Waliokuwa na hezi 60 wakachukua picha 30 kwa sekunde na mistari 525. Waliokuwa na hezi 50 wakaishia kwenye picha 25 na mistari 625. Halafu ikaja rangi, na hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1953 Wamarekani walitaka kuongeza rangi bila kuzitupa televisheni za watu zilizokuwa nyeusi na nyeupe. Mawimbi ya rangi yakawa yanagombana na ya sauti, picha inatia ukungu wa nukunuku. Wakapunguza mwendo kidogo sana, moja katika elfu moja na moja. Ndiyo maana leo simu yako inakuandikia 29.97. Watu wanadhani ni hitilafu, kumbe ni kiraka cha mwaka 1953 ambacho bado tunakivaa. Na kiraka hicho kina gharama: ukihesabu 29.97 kana kwamba ni 30 kamili, kwa saa moja unapishana na saa ya ukutani kwa sekunde 3.6.

Mjerumani mmoja, Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, akaja na PAL. Yeye aligeuza sehemu ya mawimbi ya rangi mstari kwa mstari, ili kosa la mstari huu lifutwe na la mstari unaofuata. Ujerumani na Uingereza wakaanza kurusha hivyo mwaka 1967, na fremu zikabaki 25 safi, bila viraka. Sisi tumo kwenye ukoo huo. Wazanzibari walikuwa na televisheni ya rangi miaka ya sabini, wakati huku Bara tumesubiri hadi 1994. (Sauti kutoka nyuma: "Walitutambia!") Walikuwa na haki ya kututambia.

Mtasema: mwalimu, hiyo ni analojia, ilizimwa. Kweli, mitambo ya Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata, na wote tukanunua ving'amuzi. Rangi ya PAL imekufa. Lakini ile 25 haikufa, imehamia kwenye dijitali. Kituo cha hapa kikikuomba kipindi kitakuomba fremu 25, pikseli 1920 kwa 1080. Wengine bado watataka ile inayoitwa 1080i, ambapo picha inagawanywa nusu mbili: kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa, nusu 50 kwa sekunde. Kwenye kompyuta, mtu akipunga mkono, unaona kingo zina meno kama kitana. Usiogope. Ila kama kituo hakijadai, piga picha nzima nzima tu, ujipunguzie mashaka.

Nini kinatokea ukipiga 30 ukatoa 25? Programu ya kuhariri lazima itupe fremu moja katika kila sita. Mtu aliyekaa anaongea, hutagundua. Lakini geuza kamera taratibu kufuata msafara wa bwana harusi, au piga mcheza baikoko kiuno kinazunguka: utaona kishindo, kishindo, kishindo, kama daladala yenye tairi lenye nundu. Hapo hakuna dawa nzuri. Dawa ilikuwa kabla hujabonyeza kitufe chekundu.

Simu nazo zina ugonjwa wao. Simu haishiki mwendo mmoja. Gizani inapiga 24, kwenye jua inarudi 30, inajiamulia. Ukiiweka pamoja na kamera kwenye kompyuta, dakika kumi za kwanza ziko sawa, baadaye sheikh anafunga mdomo na dua bado inaendelea. Tumia programu kama HandBrake, ya bure, uilazimishe iwe na mwendo usiobadilika kabla ya kuhariri. Afadhali zaidi, pakua programu ya kamera inayokuruhusu kufunga fremu 25 kwenye simu tangu mwanzo.

Dada wa pale mbele ameniandikia swali: "MP4 na H.264 ipi nzuri?" Dada yangu, hapo ni kama kuuliza hotpoti na pilau kipi kitamu. MP4 ni hotpoti, faili linalobeba video. H.264 ni kilichopikwa ndani, yaani jinsi video yenyewe ilivyobanwa. Unaweza kukuta H.265 ndani ya MP4, na H.264 ndani ya MOV, hotpoti nyingine. Ndiyo maana mteja anakupigia, "video haifunguki, na ni MP4!" Hotpoti anaifahamu, televisheni yake ya zamani ndiyo haijui kula kilichomo. Ukitaka amani na mteja wa kawaida, mpe H.264, ipo tangu 2003, kila kifaa kinaijua. H.265 inabana zaidi, ila laptopu yako kongwe italia wakati wa kuhariri.

Ukubwa wa faili nao ni hesabu ya darasa la saba. Kamera ikiandika megabiti 50 kwa sekunde, gawanya kwa 8, ni megabaiti 6.25. Zidisha kwa sekunde 3,600, unapata gigabaiti 22.5 kwa saa. Kadi ya 64 haifiki saa tatu. Harusi za Tanga mnazijua zinavyoisha. Beba kadi mbili, na usifute chochote kwa sababu MC amesema "tunamalizia".

Mambo mawili ya haraka kwa wanaopeleka kazi vituoni. Katika ngazi za mwanga za 0 hadi 255, televisheni inahesabu nyeusi kuwa 16 na nyeupe 235. Ukipitisha, kanzu inageuka karatasi, mikunjo yote imeliwa. Sauti: Ulaya wamekubaliana LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 23 chini ya sifuri tangu 2010, na vituo vingi duniani vimeiga, YouTube wao wako karibu na 14 chini ya sifuri. Kazi moja, mauzo mawili, basi toa faili mbili. Uliza kituo kabla, wana karatasi yao.

Na ya kusimama wima, 1080 kwa 1920? Piga, mimi sina ugomvi nayo, watu wanatazama kwa simu. Ila usipige ulalo halafu ukategemea kukata katikati; bwana atabaki, bibi harusi atakuwa nje ya fremu, na ndugu zake watakutafuta.

Haya, maneno yatosha. Toeni kamera, fungueni menyu, tafuteni pameandikwa nini. Ile tyubulaiti ya kona, inayokufa, nimemwomba mlinzi asiibadilishe. Kila mmoja aipige mara mbili, shata ya sitini kisha ya hamsini, aje anionyeshe. Anayekosa nafasi kwenye kona aanzie na taa ya varandani, nayo ni ya bei ya chee.