Siku za kushona nyavu: mhadhara kwa vijana wa Kigoma wanaoandika programu

Shikamooni wazee mliofika. Na ninyi wadogo zangu, habari za jioni.

Nianze na swali. Nani hapa ameandika programu kwa zaidi ya mwaka mmoja? Naona mikono mingi. Haya, katika mwaka huo, ni jambo gani lililokuwa likikushinda, ukakaa nalo makusudi mpaka ukaliweza? Mikono imepungua. Hilo ndilo lililonileta.

Mimi miaka mitano ya kwanza niliandika programu za maduka: stoo, mauzo, ripoti ya jioni. Duka jipya likija, nachukua programu ya duka lililopita, nabadili jina na rangi, nalipwa. Nikajiona fundi. Siku moja mwenye duka la vipuri vya pikipiki akaniita. Akaandika namba ya kipuri, akabonyeza, tukasubiri. Mteja amesimama kaunta, anageuka kutazama pikipiki yake nje, anarudi, bado tunasubiri. Programu yangu ilikuwa inakagua bidhaa moja moja, kuanzia ya kwanza. Miaka mitano kazini, na sikujua njia nyingine ya kutafuta kitu kwenye orodha! Niliona aibu, nikarudi kusoma.

Njia bora, Waingereza wanaiita binary search, mnaitumia wenyewe mkitafuta jina kwenye orodha iliyopangwa kwa alfabeti. Unatazama katikati. Kama unachotafuta kiko mbele, unaachana na nusu ya nyuma, unatazama katikati ya kilichobaki, hivyo hivyo mpaka mwisho. Vitu 1,000,000 vinamalizika kwa hatua 20.

Kusimulia ni rahisi, kuandika ndiko kwenye kazi. Donald Knuth, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, ameeleza kwamba njia hii ilichapishwa mara ya kwanza 1946, lakini toleo la kwanza lililo sahihi kwa orodha ya urefu wowote lilichapishwa 1962. Jon Bentley, mtaalamu mwingine wa kompyuta, aliwapa waandishi wa programu wa Bell Labs na IBM, taasisi kubwa za teknolojia za Marekani, saa kadhaa waiandike. Walipojikagua, kama asilimia 90 walikuta makosa. Na mwaka 2006 mwandishi wa programu Joshua Bloch akaeleza kwamba toleo aliloliandika yeye mwenyewe kwa ajili ya Java, lugha ya kuandikia programu, lilikaa na hitilafu kwa takriban miaka 9. Hitilafu ilikuwa kwenye mstari mmoja, ule wa kutafuta katikati: jumlisha namba ya nafasi ya mwanzo na ya mwisho, gawanya kwa 2. Namba nzima ya kawaida ya Java haivuki 2,147,483,647. Orodha ikiwa kubwa mno, jumla inapitiliza, inageuka hasi, programu inaanguka. Dawa yake ni kutoa mwanzo kwenye mwisho, kugawanya kwa 2, ndipo uongeze mwanzo.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa fidla wa Berlin. Wote walikuwa wapigaji. Waliowazidi wenzao ni wale waliotumia saa nyingi zaidi wakifanya mazoezi peke yao, na wastani wao ulifika kama saa 10,000 walipotimiza miaka 20. Watu wakaishika hiyo namba wakaacha kiini chake. Saa zangu za madukani zilikuwa nyingi vilevile, ila nilikuwa narudia nilichokwisha kukiweza.

Mnajua mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, na mitumbwi inabaki ufukweni. Siku hizo watu wanashona nyavu. Nawaomba nanyi mjitengee siku za namna hiyo, zisizo na mteja wala malipo.

Mimi nilifanya hivi. Ukiweka Python, lugha nyingine ya programu, kwenye kompyuta yako, inakuja na maktaba yake, na humo kuna faili fupi liitwalo bisect.py, lenye njia hii hii ya kutafuta. Halihitaji bando. Nililisoma mpaka nikalielewa, nikaandika kwenye daftari maneno machache kwa kila hatua, nikafunga. Baada ya siku tatu nikaliandika upya kutoka kwenye daftari, kisha nikalinganisha mstari kwa mstari. Benjamin Franklin alijifunza kuandika insha kwa namna hiyo hiyo alipokuwa kijana Boston.

Nilipolinganisha, nikaona walioandika faili lile mwisho wa orodha wameuweka hatua moja baada ya kitu cha mwisho. Mimi nimeuweka kwenye kitu chenyewe, na mzunguko wangu unasimama mwanzo ukikutana na mwisho. Nikadhani ni mambo ya mtindo tu. Nikajaribu orodha yenye kitu kimoja. Programu yangu ikasema hakipo, na kipo! Nilikaa na hilo jioni nzima, umeme ukakatika, nikaendelea kwa kalamu na tochi ya simu. Sijawahi kulisahau. Halafu nikaona kwamba wao nao wanajumlisha mwanzo na mwisho. Mbona haianguki? Kwa sababu namba nzima za Python hazina kikomo kile cha Java. Swali moja likanifundisha lugha mbili.

Basi, wekeni simu chini. Kwenye karatasi mlizopewa kuna namba saba: 3, 8, 15, 21, 40, 56, 72. Tafuteni 72 kwa kalamu, na kila hatua andikeni mwanzo, katikati na mwisho. Kisha tafuteni 73, ambayo haimo. Ukimaliza mpe jirani yako akukague, nami napita katikati yenu.