Sogeza Mbwa, Mwembe Uache

(Mazungumzo na wakazi wa mtaa, Dar es Salaam)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo. Namshukuru mwenyekiti wa mtaa kwa nafasi hii. Mimi ni daktari wa mifugo, na najua wapo waliokuja wakitegemea habari za ng'ombe. Leo ni mbwa na paka, na mdudu ambaye hatumhesabu: kiwavi.

Nianze na swali. Mbwa wako wa ulinzi umemfunga wapi? Naona mnatazamana. Chini ya mwembe, ndiyo, maana pana kivuli, na sufuria lake la maji liko hapohapo. Sasa mvua za masika zikishachipusha majani, viwavi wa manyoya wanajaa huko juu. Wanadondoka kwenye maji, wanadondoka kwenye godoro lake bovu. Paka akiona hivyo anajiondokea. Mbwa mwenye mnyororo wa mita mbili ataenda wapi?

Kiwavi huyu haumi. Kinachowasha ni vinyweleo vyake: vimechongoka, vingine havionekani kwa macho, na vikishajichoma kwenye nyama laini havitoki kirahisi. Mbwa kila kitu anakijua kwa pua na ulimi, kwa hiyo anaumia mdomoni. Hispania na kusini mwa Ufaransa wana kiwavi wa misonobari, Thaumetopoea pityocampa, anayetembea kwa msururu kama siafu. Mbwa akimlamba, ulimi huvimba, huweza kuwa mweusi, na kipande kikafa na kukatika. Huyo hayupo kwetu. Ndugu zake wa Afrika, Anaphe, wapo. Wanajifuma kiota cha hariri mtini, na manyoya yao yanawasha. Tena wapo wale wafupi wenye miiba kwenye minazi. Mkwezi aliyewahi kumgusa mmoja hahitaji mhadhara wangu.

Msije mkaua kila kiwavi lakini. Yule wa kijani kwenye mlimau, anayetoa vipembe vyenye harufu ukimchokoza, anakutisha tu. Atakuwa kipepeo.

Utajuaje mbwa kaguswa? Udenda unamtoka ghafla, anajiparura mdomo, uso unavimba, pengine anatapika. Hapo ndipo mtu anapokimbilia maziwa! Maziwa hayang'oi kinyweleo. Wala usimsugue kwa kitambaa, maana vikivunjika vinazidi kumwaga sumu. Zamani ningesema vaa mfuko wa rambo mkononi, ila tangu Juni 2019 hiyo imepigwa marufuku, basi chukua glavu za jikoni. Inamisha kichwa chake, mwagia maji mengi mdomoni yatokee upande wa pili, yasimpalie. Halafu daktari, siku hiyohiyo. Na dawa za binadamu ziache kabatini: kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka.

Namba ya daktari itafute leo. Ukianza kuulizia ukiwa Tegeta saa kumi na moja jioni, na daktari yuko Posta, foleni ile mnaijua wenyewe.

Kuna kijana alikuta kiota, akakimwagia mafuta ya taa na kukiwasha. Moshi ukapeperusha manyoya uani kote. Alileta mbwa kwangu akiwa na macho mekundu; mlinzi naye macho mekundu; yeye mwenyewe anajikuna shingo. Kwa hiyo usichome, usifagie kikavu. Lowesha kwa maji ya sabuni taratibu, funika mikono, pua na macho, kisha fukia. Hata kiota kitupu fukia, maana manyoya hubaki na ukali muda mrefu baada ya wenyewe kuondoka. Ukipulizia dawa ya wadudu, usipulizie wakati mbwa yuko chini ya mti. Na kiwavi aliyekufa bado anawasha.

Maswali? Ndiyo, mzee wangu. Anauliza kama aukate mwembe. Hapana mzee, maembe tutakula wapi? Sogeza mbwa, na sufuria lake lipeleke barazani.