Tabaka la Nje la Kiinitete na Siku Zake za Mwanzo

Waheshimiwa wahadhiri, wakunga na wanafunzi mliokusanyika hapa Mbale, nashukuru kwa kunikaribisha. Nitazungumzia ektodemu, tabaka la nje la kiinitete, na nitakaa zaidi kwenye siku zake chache za mwanzo, kwa kuwa hizo hupita sisi wahudumu tukiwa bado hatujamwona mama.

Katika wiki ya tatu baada ya yai kutungishwa, seli za kiinitete hujipanga katika matabaka matatu. La ndani na la kati tuyaache leo. La nje huzaa viungo ambavyo mtu angedhani havina undugu wowote: ngozi ya juu, nywele, kucha, tezi za jasho na za maziwa, enameli ya meno, lenzi ya jicho, na vilevile ubongo na ugwe mgongo.

Seli hizo huamuaje ziwe ngozi au ubongo? Mwaka 1924 Hans Spemann na Hilde Mangold wa Ujerumani walichapisha majaribio ambamo kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda, kilipopandikizwa kwenye kiinitete kingine, kilikifanya kijenge mfumo wa pili wa neva. Ilidhaniwa basi kwamba ubongo ndio unaosubiri amri. Utafiti wa baadaye ulionyesha kinyume, nami sijaacha kustaajabu: ngozi ndiyo inayohitaji amri, inayoletwa na protini ziitwazo BMP, na protini hizo zikizuiwa seli huelekea kuwa neva.

Sehemu hiyo ya neva hunenepa, kisha kingo zake huinuka na kukutana juu ya mgongo zikaunda mrija wa neva, kama chapati ya roleksi inavyokunjwa, ila mshono huanzia usawa wa shingo na kuendelea juu na chini. Seli zinazochomoka kingoni huhamia mbali, zikatoa rangi ya ngozi, neva za utumbo, hata mifupa ya uso. Tundu la mrija huo upande wa kichwani hufungwa karibu siku ya 25, na la chini karibu siku ya 28. La chini lisipofungwa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Siku ya 28 ni kama wiki mbili tu tangu mama akose hedhi. Vidonge vya asidi ya foliki, vitamini inayousaidia mrija huo kufungwa, anavyopewa siku ya kwanza ya kliniki vinamfaa kwa damu, lakini mrija wa neva umeshafungwa, au umeshashindwa kufungwa. Utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba, kwa akina mama waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro hiyo, miligramu 4 kwa siku, zikianzwa kabla ya mimba, zilipunguza kurudia kwake kwa asilimia 72. Kwa wengine mikrogramu 400 ndizo zinazopendekezwa.

Kwa hiyo, mazungumzo ya foliki naona yahamie chumba cha uzazi wa mpango, siku mama anapokuja kutolewa kipandikizi kwa sababu anataka mtoto. Na yule ambaye mtoto wake amefanyiwa upasuaji wa mgongo wazi asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla ya kuelezwa habari ya dozi hiyo kubwa.