Barua Isiyo na Sababu: Vijana wa Ufaransa na Sheria ya Kazi ya 2006

Asanteni. Mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili kabla sijakaa sawa, kwa hiyo utangulizi wa Umoja wa Ulaya, euro na kadhalika naupita. Mnaujua.

Kila yanapotajwa maandamano ya Ufaransa ya mwaka 2006, ya kupinga mkataba mpya wa ajira kwa vijana, hakosi mtu wa kusema kwamba wale walikuwa watoto walioshiba, wanadai ajira ya maisha. Nimelijibu hili mara nyingi na leo nalijibu tena, safari hii kwa kuanzia kwenye bahasha.

Ufaransa ya wakati ule, mwajiri akitaka kumwachisha kazi mtu mwenye mkataba wa kudumu, kulikuwa na ngazi za kupanda. Kwanza anamwandikia barua ya kumwita kwenye mazungumzo. Tangu barua hiyo ifike hadi siku ya mazungumzo, lazima zipite angalau siku 5 za kazi. Siku ikifika, mfanyakazi anaruhusiwa kuja na mwenzake wa kazini. Mwajiri anamweleza anamlaumu kwa lipi, na anatakiwa amsikilize. Kumwachisha palepale hairuhusiwi. Anasubiri angalau siku 2 za kazi, ndipo anatuma barua ya pili, ya rejista, ambayo mpokeaji huitilia sahihi. Ndani ya barua hiyo ya pili kuna aya moja, na aya hiyo ndiyo mhadhara wangu wote wa leo: aya ya sababu.

Tangu sheria ya Julai 1973, sababu hiyo lazima iwe ya kweli na nzito. Mwajiri asipoiandika, baraza la kazi, yaani mahakama ya migogoro ya kazini, linahesabu kwamba haipo. Akiandika maneno ya jumla, mathalani "hatuna imani naye tena", baraza linamuuliza: imani ilipotea kwa tukio gani, tarehe ngapi? Na wakati ule, akishaandika amejifunga. Hawezi kufika barazani miezi sita baadaye na sababu mpya aliyoikumbuka akiwa njiani.

Sasa njooni kwenye mkataba wa ajira ya kwanza, ule Wafaransa waliouita CPE. Waziri Mkuu Dominique de Villepin aliutangaza tarehe 16 Januari 2006. Ulikuwa wa vijana wasiofikisha miaka 26, katika kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 20. Kwa jina ulikuwa wa kudumu. Lakini ndani ya miaka 2 ya kwanza, mwajiri alihitaji barua moja tu ya rejista. Mazungumzo hayapo, aya ya sababu haipo. Notisi ni wiki 2 kama hujatimiza miezi 6, mwezi 1 kama umeshatimiza, na mwezi wa kwanza wa kazi hakuna notisi kabisa. Tarehe, sahihi, kwaheri.

Naona ndugu pale anataka kusema: hayo si matazamio tu, muda wa kumjaribu mfanyakazi mpya? Kaka, matazamio ya kawaida kule, kwa kazi nyingi, yalikuwa mwezi 1 hadi 3. Miezi 24 ya kumtazama muuza viatu, unatazama nini? Mwezi wa pili unajua kama anaweza kupanga viatu na kurudisha chenji. (Kicheko.)

Wengine husema sheria ile ilikataza ubaguzi. Kweli, ilikataza. Huruhusiwi kumwachisha mtu kwa sababu ni mjamzito, kwa rangi yake, au kwa kujiunga na chama cha wafanyakazi. Vizuri sana. Sasa nionyesheni jinsi ya kuthibitisha. Binti ana miezi 14 kazini. Jumatatu anamwambia meneja kwamba amejiunga na chama cha wafanyakazi, Alhamisi anapokea barua yenye mistari minne. Barua haisemi chama. Haisemi kuchelewa, haisemi uzembe. Haisemi chochote, na sheria inairuhusu isiseme. Kwenye mkataba wa kawaida, mwajiri angelazimika kuandika jambo, na jambo likishaandikwa linapimwa: je, ni kweli alichelewa? Mbona hana onyo hata moja kwenye faili? Uongo ulioandikwa una mahali pa kushikwa. Karatasi tupu utaishika wapi?

Hesabu sasa, maana bila hesabu watu hudhani hizi ni hisia za wanafunzi. Kima cha chini cha mshahara Ufaransa mwanzoni mwa 2006 kilikuwa euro 8.03 kwa saa, kabla ya makato. Wiki ya kisheria ni saa 35. Mchukulieni kijana wa dukani anayefanya kazi saa 39 na kulipwa 35; wizi wa namna hiyo haukuanzia kwetu. Saa 4 za ziada hulipwa kwa nyongeza ya asilimia 25. Piga: 4 mara 8.03 mara 1.25, ni euro 40.15 kwa wiki. Kwa miezi 14, tukitoa likizo, tuseme wiki 55. Anadai euro 2,208.

Mwezi wa 14 kijana anakwenda kwa bosi kwa adabu zote, anauliza saa zake. CPE ilimlazimu mwajiri anayemwachisha kijana kumlipa asilimia 8 ya mishahara yote tangu aanze. Mshahara wa mwezi kwa saa 35 ni euro 1,217.88, mara 14, kisha asilimia 8: euro 1,364. Kumwondoa muulizaji ni rahisi kuliko kumjibu. Ndiyo, deni la saa za ziada halifi kwa barua ile, anaweza kulipeleka barazani. Lakini bosi hamlengi yeye. Anawalenga wanane waliobaki, ambao wameona meza ya mwenzao ikifutwa vumbi na hakuna aliyeambiwa kwa nini. Hao hawatauliza. Hiyo ndiyo faida ya barua tupu, na haionekani kwenye jedwali lolote la wachumi.

Kuna tundu jingine. Sheria ilimzuia mwajiri kumrudisha kijana yuleyule kwa mkataba uleule kabla ya miezi 3 kupita. Haikumzuia kumleta jirani yake. Mwezi wa 23 unamtoa Petro, wa 24 unaingiza Paulo, na kiti kinabaki cha "ajira ya kwanza" daima.

Hapa ndipo huja hoja ya utandawazi. Mtaji unahama, Poland imeingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, China inashona nguo za dunia nzima, ukimbana mwajiri atafunga virago. Nawauliza wenye hoja hii: duka la viatu la Lyon linahamia Shanghai? Mhudumu wa hoteli anasafirishwa kwa kontena? Viwanda vinahama, sikatai, lakini vinafuata mishahara, umeme, bandari na soko. Kiwanda hakikimbii aya moja ya barua. Na mwajiri huajiri kwa sababu ana oda. Hakuna fundi anayeongeza msaidizi eti kwa vile kumfukuza kumekuwa rahisi, ilhali wateja hana.

Ukosefu wa ajira kwa vijana ulikuwa mkubwa, zaidi ya mmoja kati ya watano. Lakini kiwango hicho huhesabu walio sokoni tu. Aliye darasani hatafuti kazi, hahesabiwi. Na hao waliokuwa sokoni walikuwa tayari wanazungushwa: mafunzo kazini bila malipo, mkataba wa miezi mitatu, wakala wa vibarua, tena mafunzo. Walichoambiwa mwaka 2006 ni kwamba baada ya mzunguko huo wote, hata mkataba wa kudumu utakuwa na shimo la miaka 2.

Haya, maandamano yenyewe. Nitasema kuhusu mpangilio tu, maana picha za mabomu ya machozi mmeziona.

Tarehe 7 Februari waliingia barabarani kwa mara ya kwanza. Polisi walihesabu watu 218,000. Idadi ya kawaida kwa nchi ile. Serikali ilitegemea likizo za Februari, ambazo Ufaransa hupangwa kwa kanda tatu kwa zamu, kwa hiyo kila wiki kuna wanafunzi ambao hawapo. Wakati huohuo serikali ikatumia kifungu cha 49.3 cha katiba kuipitisha sheria katika Bunge la Taifa bila kura. Na CPE yenyewe iliingizwa kama marekebisho katikati ya mjadala, vyama vya wafanyakazi havikuketishwa mezani. Kosa hilo liliwaunganisha watu ambao kwa kawaida hawaketi pamoja. Mashirika 12, vyama vya wafanyakazi pamoja na vya wanafunzi wa vyuo na sekondari, yakafanya kamati moja na dai moja: ifutwe. Hawakudai miezi 24 iwe 12. Ukianza kupatana bei ya shimo, umeshakubali kuchimbiwa.

Vyuoni kazi ilifanywa na mikutano mikuu. Rennes, mji wa magharibi mwa Ufaransa, ilitangulia, chuo chake kikifungwa na wanafunzi tangu Februari. Utaratibu ni huu: mkutano unaitishwa, wasemaji wanapewa dakika chache, kura ya mikono inapigwa kama chuo kiendelee kufungwa, na kura hiyo ina muda. Baada ya siku kadhaa inapigwa upya. Meza na viti vinarundikwa milangoni, watu wanapangwa zamu za usiku. Mambo huharibika wapi? Mkutano ukichukua muda wa saa tano, wenye kazi za jioni na wenye treni ya mwisho huondoka, na wanaobaki kupiga kura ni walewale. Wapinzani wa mgomo nao hukosa kuja, kisha hulalamika kwamba hawakusikilizwa. Na mitihani ikikaribia, kila wiki ya mgomo inagharimu zaidi kuliko iliyopita. Kwa hiyo walijua hawana miezi sita. Walikuwa na wiki nane, kumi.

Idadi zikapanda: tarehe 7 Machi 400,000 kwa hesabu ya polisi, tarehe 18 nusu milioni, tarehe 28 milioni moja na ushee. Waandaaji walisema milioni 3 siku hiyo. Chukueni ndogo, bado inatosha.

Tarehe 31 Machi Rais Jacques Chirac akatokea kwenye televisheni. Akasema anaitilia sahihi sheria, kisha akaomba isitumike. (Kicheko.) Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 4 Aprili watu wakarudi barabarani, milioni moja tena kwa polisi. Tarehe 10 Aprili CPE ikatangazwa kuwa inaondolewa, na sheria ya tarehe 21 Aprili ikaweka kitu kingine mahali pake.

Kuhusu vijana wa vitongoji nilikuwa na mengi, nayakata. Sheria ile ilitungwa kama jibu la machafuko ya Novemba 2005, yaani kwa jina la vijana wa vitongoji maskini. Tarehe 23 Machi pale Invalides, Paris, makundi ya vijana wakapiga na kupora wanafunzi waliokuwa wanaandamana. Wapo wanaosema hilo linathibitisha kwamba maandamano yalikuwa ya wenye nafasi. Linathibitisha kwamba kijana anayenyimwa usaili kwa ajili ya jina au anwani yake haoni mkataba wa miaka 2 kuwa tatizo lake la kwanza. CPE isingemfungulia mlango huo hata hivyo.

Sasa jambo ambalo husahauliwa. CPE alikuwa na kaka yake mkubwa, mkataba wa Agosti 2005 kwa kampuni zisizozidi wafanyakazi 20, watu wa umri wowote, miaka 2 ileile bila sababu. Huyo hakuondolewa na maandamano. Aliondolewa na karatasi. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, kifungu cha 4, unataka sababu halali ya kumwachisha mtu. Kifungu cha 2 kinaruhusu kuwatoa walio kwenye matazamio, mradi muda uwe wa kiasi. Novemba 2007 Shirika likaona kwamba miaka 2 si muda wa kiasi. Bunge likafuta mkataba ule Juni 2008, na tarehe 1 Julai 2008 mahakama kuu ya rufani ya Ufaransa ikasema ulikuwa unapingana na namba 158.

Kwa jirani zetu, Kongo na Uganda zimeridhia namba 158. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: kifungu cha 37 kinadai sababu halali na utaratibu wa haki, na mwajiri ndiye wa kuthibitisha. Kisha someni kifungu cha 35: ulinzi huo haumhusu aliye chini ya miezi 6 kazini kwa mwajiri huyo. Yaani dirisha la barua tupu tunalo na sisi. La kwetu ni la miezi 6. Wenye mikataba ya miezi mitatu inayohuishwa kila mara, hesabuni tarehe zenu za kuanza leo usiku, na mikataba ya zamani msiitupe.

Dakika mbili? Moja. Basi ya 2016, sheria ya kazi iliyopita pamoja na maandamano, naiacha. Nasema ya Septemba 2017 tu. Serikali ya Rais Emmanuel Macron haikuifuta aya ya sababu. Iliweka jedwali la fidia kwa anayeachishwa bila sababu ya haki: mwenye mwaka 1 kazini, mwisho mshahara wa miezi 2, mwenye miaka 2, mwisho miezi 3 na nusu. Mwajiri anajua bei kabla hajanunua bahasha. Nilitaka tulipitie mstari kwa mstari, lakini mwenyekiti ameshasimama. Nakala ziko mezani pale mlangoni. Dada wa kiti cha pili, umeinua mkono tangu kwenye saa za ziada. Uliza.