Lusia Harris: leo tusianze na drafti

Haya wadada, karibuni, kaeni, hata chini hapo kaeni tu hakuna shida. Kocha wenu kaniomba niongee kuhusu mchezaji mmoja wa basketi ya chuo nikamwambia basi nitaongea kuhusu Lusia Harris, na najua wengi humu hamumjui, na wale wachache wanaomjua wanajua kitu kimoja tu, kwamba ndo yule mwanamke aliyechaguliwa na timu ya NBA, ile ligi ya kulipwa ya wanaume ya Marekani. Ni kweli kabisa, mwaka 1977 New Orleans Jazz walimchagua kwenye drafti, yaani pale timu za ligi zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi ya 7, akiwa mchezaji wa 137. Ila mimi hiyo habari inaniuma, kwa sababu hao Jazz hakuwachezea hata dakika moja, yaani mtu kakaa chuo miaka minne, timu yake imeshinda mechi 109 na kupoteza 6 tu, halafu tunamkumbuka kwa mechi ambayo haikuchezwa! Leo naomba tuanze na zile alizocheza.

Kazaliwa 1955 Minter City, jimbo la Mississippi, wa 10 katika watoto 11. Wazazi walikuwa wanalima shamba la mtu mwingine, mavuno wanagawana na mwenye ardhi, na mnajua mgao wa hivyo nani anabaki na kingi. Binti mrefu mpaka watoto wenzake shuleni wanamtania. Usiku mama akishasema haya nendeni mkalale, yeye anajifunika blanketi pamoja na televisheni, mwanga usionekane, anaangalia NBA kimyakimya, na mtu aliyekuwa anampenda kuliko wote ni Oscar Robertson. Mnisikilize hapo kidogo. Mtoto wa kike mweusi, Mississippi ya miaka ya sitini, kwenye TV hakuna mwanamke hata mmoja anayecheza basketi, na bado anakaa chini ya blanketi anasoma jinsi wachezaji wanavyotumia miguu.

Sasa chuo. Mwaka 1972 Marekani walipitisha sheria kwamba shule inayopokea hela ya serikali kuu isibague wanawake, na hiyo ilifungua milango mingi ya michezo. Mwaka uliofuata chuo cha Delta State, kipo Cleveland ya hukohuko Mississippi, sio ile ya Ohio, kikafufua timu ya wadada. Nasema kikafufua maana timu iliwahi kuwepo, ikafutwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakubwa wakasema mchezo huu mgumu mno kwa mabinti. Wale mabinti walichukua jezi zao wakazichoma moto kwa hasira! Na mmoja wao alikuwa anaitwa Margaret Wade. Miaka arobaini baadaye, akiwa na miaka 60, Margaret Wade ndo akaitwa kuja kuifundisha hiyo timu mpya, na senta wake, yaani yule mchezaji mrefu wa karibu na ringi, akawa Lusia Harris, mweusi peke yake kwenye timu nzima. Mimi kila nikiwaza siku ya kwanza ya mazoezi ya hao wawili nasisimka, mmoja alinyang'anywa mchezo kwa sababu ni mwanamke, mwingine kwao hata ardhi wanayolima sio yao, halafu wanaanza kazi pamoja.

Wakati huo bingwa alikuwa Immaculata, kachuo kadogo ka Kikatoliki kule Pennsylvania, wameshachukua ubingwa wa taifa mara tatu mfululizo, na mashabiki wao, masista wakiwemo, wanakuja na ndoo wanazipiga jukwaani mpaka mpinzani hamsikii mwenzake. Fainali ya 1975 Delta State wakawafunga 90 kwa 81. Harris peke yake pointi 32 na ribaundi 16, yaani mipira iliyokosa goli akaidaka yeye, na msimu ule timu haikupoteza mechi hata moja. 1976 fainali wakakutana tena na haohao, 69 kwa 64, Delta State tena. 1977 wakawafunga LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, 68 kwa 55. Mara tatu! Na ndani ya hiyo miaka kuna kipindi walishinda mechi 51 bila kukatika.

Alikuwa anachezaje? Futi 6 na inchi 3, anakaa karibu na ringi, mgongo kwa goli, anaomba mpira juu, akiupata anageuka anaweka. Basi. Hakuna mbwembwe. Katika kila mipira 100 aliyorusha zaidi ya 60 iliingia, na wapinzani wote wanajua mpira unakwenda kwake, wanamwekea watu wawili, mara watatu, bado anaweka. Mimi nimefundisha masenta miaka mingi na tatizo la masenta wetu ni lilelile, akipata mpira anaushusha kiunoni, kagadi kafupi kanakuja kanamnyang'anya. Mwaka 1977 pale Madison Square Garden, New York, alifunga pointi 47 kwenye mechi moja, wastani wake wa chuo pointi 25.9 na ribaundi 14.5 kila mechi, jumla pointi 2,981. Na hiyo timu yake kabla hajaja ilikuwa imefutwa miaka arobaini.

Katikati ya hayo kuna Montreal 1976, Olimpiki ya kwanza kabisa wanawake kucheza basketi. Mechi ya kwanza Marekani na Japani, na aliyefunga kikapu cha kwanza ni yeye, jezi namba 7. Yaani katika historia yote ya Olimpiki kikapu cha kwanza cha mwanamke kimetoka kwenye mkono wa mtoto wa mkulima wa Minter City. Mechi hiyo walifungwa, Umoja wa Kisovieti wakachukua dhahabu, Marekani wakarudi na fedha, ila ndani ya timu yenye akina Ann Meyers na Nancy Lieberman aliyeongoza kwa pointi na ribaundi ni Harris.

Halafu 1977 akamaliza chuo, na hapa ndo penye uchungu wangu. Aende wapi? Ligi ya kulipwa ya wanawake haikuwepo. Jazz walipomwita alikuwa mjamzito, na mwenyewe aliona wanatafuta kujitangaza tu, akakataa. Wapo wanaosema alipoteza bahati, mimi nakataa, bahati gani hiyo ya kwenda kusukumana na wanaume kwa sababu tu hukuwekewa pa kuchezea na wanawake wenzako? Mwaka 1978 ikaanza tuzo ya mchezaji bora wa kike wa vyuo, ikapewa jina la kocha wake, Margaret Wade, na Harris ndo ametoka mwaka mmoja kabla. Ligi ya kulipwa ya wanawake ilipokuja kuanza, alicheza humo msimu mmoja na timu ya Houston Angels, 1979 mpaka 1980, na mwaka 1981 ligi yenyewe ikafa. WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya sasa, imeanza 1997, miaka 20 baada yake. Caitlin Clark, yule nyota wa basketi ya chuo, alipomaliza Chuo Kikuu cha Iowa 2024 alitoka chuo Aprili na Mei yuko kwenye ligi, na nafurahi sana kwa ajili yake, nafurahi kweli, ila nikimwangalia namkumbuka yule mwingine.

Harris alirudi nyumbani, akawa mwalimu, akafundisha basketi, akazaa watoto wanne, akaugua maradhi ya akili na alisema mwenyewe hadharani bila kuficha. 1992 wakamwingiza kwenye Jumba la Umaarufu la Basketi, mwanamke mweusi wa kwanza, na alipoulizwa unataka nani akusindikize akamtaja Oscar Robertson. Robertson akaja. Yule wa chini ya blanketi.

Alifariki Januari 2022, Mississippi.

Mtaniuliza maswali baadaye, saa hizi uwanja uko wazi mpaka saa kumi na mbili. Masenta wote njooni huku chini ya ringi, mgongo kwa goli, mpira juu ya mabega, na atakayeushusha kiunoni anaanza upya.