Nafasi ya Vidole Viwili: Mhadhara kwa Mafundi Ujenzi, Mbeya

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, mafundi, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema. Ugonile nimeshasema kwa wenyeji, kamwene nimeshasema kwa waliotoka Iringa na Njombe, kwa hiyo salamu zimekwisha. Walionisikia Mafinga na Tukuyu wanivumilie, maana habari ya yule mama wa Makete, kule milimani kwenye baridi, nitaisimulia tena. Nitaacha kuisimulia siku mtakayoacha kujenga vile.

Mada niliyoandikiwa ni ndefu: mafunzo na vyeti kwa mafundi, ili wajenge majengo yanayobana matumizi ya nishati. Mimi naifupisha. Fundi ajenge nyumba isiyovuja joto, na asipewe cheti mpaka tumeona kuwa haivuji.

Sasa huyo mama. Ni muuguzi mstaafu, amejenga kwa kiinua mgongo chake. Mwezi wa saba akanipigia simu: "Mwalimu, njoo unitazamie nyumba, naona ina jini." Nikapanda basi. Nyumba nzuri, jamani! Matofali ya kuchoma, bati la msauzi, madirisha ya alumini, dari ya jipsamu yenye ua katikati. Lipu imenyooka, ukiweka pima maji huna la kusema. Lakini usiku, anasema, kuna kitu kinampulizia shingoni. Amehamisha kitanda mara tatu, nacho kinamfuata.

Mimi natembea na udi mfukoni. Ule wa vijiti, wa dukani. Nikafunga madirisha yote, nikawasha kijiti, nikaanza kuuzungusha moshi pembeni mwa dari. Mama akasimama mlangoni, mikono kifuani: "Mwalimu, mimi ni Mlutheri, mambo ya uganga humu ndani sitaki." Nikamwambia huu si uganga, atazame moshi. Moshi ukapanda wima, wima, nilipofika kona ya kaskazini ukalala kama umepigwa kofi. Nikapandisha kijana darini na tochi. Akapiga kelele kutoka juu: "Mzee, huku naona nje!"

Kati ya kichwa cha ukuta na bati palikuwa na nafasi ya vidole viwili, imezunguka pande mbili ndefu za nyumba. Pigeni hesabu, msiniangalie tu. Vidole viwili ni sentimita 3. Kila upande una mita 12, kwa hiyo pande mbili ni mita 24. Zidisheni. Mnapata mita ya mraba 0.72. Hilo ni dirisha la sentimita 60 kwa 120, limeachwa wazi usiku na mchana, mwezi wa saba, Makete! Upepo unaingia hapo, unalala juu ya dari, halafu unashuka kupitia pembe ambazo jipsamu haikugusana na ukuta, na kupitia kila tundu la taa.

Tukawaita mafundi. Hapa ndipo ninapowaomba msikilize, maana mhadhara wangu wote ni haya majibu manne. Mwashi akasema: "Mimi kazi yangu iliishia kwenye lenta na kozi za juu yake. Nilikabidhi." Fundi bati akasema: "Mimi naanzia kwenye kenchi. Ukuta si wangu." Fundi dari akasema: "Nilikuta pako hivyo, nikajua ni pa hewa." Fundi umeme tulimpata kwa simu, akasema yeye alitoboa pale alipoonyeshwa na fundi dari. Wote wanne walikuwa wakweli! Hakuna hata mmoja aliyekosea kazi yake. Mwashi kuta zake zimesimama timazi, mwenye bati paa lake halijawahi kuvuja tone. Upepo ulipita pale ambapo kazi ya mmoja iliishia na ya mwenzake haijaanza. Mahali pale hapakuwa na mwenyewe.

Najua kuna mhandisi hapa moyoni anasema, mzee huyu anatuletea mambo ya Ulaya, sisi hatuna hita za kupasha nyumba, tunabana nishati gani? Ngoja nikujibu, maana swali hili huwa linanipandisha presha. Chini ya kitanda cha yule mama niliona masizi. Nikamuuliza, mama, jiko la mkaa linalala wapi? Akanionyesha pale pale, miguuni mwa kitanda. Kwa hiyo nishati anatumia. Mkaa ni nishati, ameununua kwa gunia. Na muuguzi mzima, miaka yote wodini, anajua monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu na inaua mtu usingizini. Baridi ilimshinda.

Mnaona mtego ulipo? Ile nafasi ya vidole viwili ndiyo iliyokuwa inamtesa, na huenda ndiyo iliyokuwa inamweka hai. Ningeziba siku ile nikaondoka huku jiko limebaki chumbani, ningekuwa nimejenga kaburi. Fundi aliyefundishwa nusu, anayejua kuziba tu, ni wa hatari kuliko yule asiyejua kitu. Hewa ya kupumua na upepo wa kuibiwa joto ni vitu viwili. Hewa unaipangia njia: tundu lenye wavu, mahali unapopajua, kwa kipimo unachokijua. Jiko linapelekwa jikoni, na jiko lenyewe lina bomba la moshi. Hapo sasa ndipo unapoziba. Tulifanya hivyo. Mfuko mmoja wa saruji, vipande vya mbao za paini, jipsamu kidogo pembeni, siku mbili za kazi. Blanketi la tatu alilirudisha kabatini, na jini hajarudi.

Nikirudi kwenye vyeti. Enzi zetu tulifanya mitihani ya madaraja: la tatu, la pili, la kwanza. Mwashi alijenga kona, msahihishaji akaja na timazi na futi, akaandika alama. Mfumo umebadilika majina, lakini nendeni mkatazame siku ya mtihani. Bado kila fundi anapimwa peke yake, na bado anapimwa kwa kile jicho linachokiona baada ya lipu. Nani amewahi kufelishwa kwa nafasi iliyofichwa na dari? Nyosheni mkono. Sioni.

Ujerumani, mjini Darmstadt, mwaka 1991, walimaliza nyumba za kwanza za aina wanayoiita Passivhaus, nyumba inayohitaji joto kidogo mno la hita wakati wa majira yao ya theluji. Mimi zile kuta zao nene hazinihusu sana. Ninachokipenda ni mtihani. Wanafunga feni mlangoni, wanajenga tofauti ya shinikizo ya paskali 50, wanapima hewa inayovuja. Ikizidi mara 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa moja, nyumba imefeli. Feni haiulizi ni mwashi au seremala. Na cheti wanachompa fundi wao kina mwisho: baada ya miaka 5 anatakiwa kukihuisha. Chetu sisi tunakiweka kwenye fremu ukutani, juu ya kochi, mpaka tunazikwa.

Feni ile ni ghali, najua, kaeni chini. Ndiyo maana natembea na udi. Pendekezo langu, na nimelisema katika kila chuo kilichonipa chai: jengeni kibanda kimoja uwanjani. Mpeni mwashi, fundi bati, fundi dari na fundi umeme, wanne kwa pamoja. Wakimaliza, kabla ya rangi, fungeni, washeni moshi ndani. Moshi ukitokea pasipopangiwa, wanne wote wamefeli. Wote! Mwaka juzi kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, hiyo ni dhuluma, mimi nifeli kwa kosa la mwenzangu?" Nikamwambia, mwanangu, yule mama wa Makete alitetemeka kwa kosa la nani? Mkijua mnafeli pamoja, mwashi hatashuka kwenye kichanja kabla hajamuuliza fundi bati, "Hapa juu tunamaliziaje?" Swali hilo moja likiulizwa kila saiti, mimi nitapumzika nilime viazi vyangu.

Na msiniambie mafundi wetu wengi hawajakaa darasani. Hilo nalijua, mimi mwenyewe nilianza kwa kubeba karai. VETA, mamlaka yetu ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa kazini, anajazwa pale panapopungua, anapewa cheti. Njia ipo. Tunachoomba ni kwamba siku ya kumpima, mpimaji apande darini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo mengine manne, nayataja mbiombio. Madirisha: Mbeya tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba jua liko kaskazini yetu. Vyumba vya kukaa vielekee kaskazini, choo na stoo vipelekwe kusini. Hili halina gharama hata senti, ni kamba na vigingi siku ya kuchora msingi, na bado naona watu wanaelekeza sebule barabarani ili gari jipya lionekane. Bati: usiku wa anga jeupe linapoa kuliko hata hewa ya nje, ndiyo maana asubuhi mnaona matone kwa ndani mnadhani linavuja, mnamwonea fundi bure. Dari kwanza, ua la katikati baadaye. Paini: mbao mnazoziona zikishuka kutoka msitu wa Sao Hill zinazuia joto mara kadhaa kuliko tofali la unene huo huo, lakini mnazifanya fomu za zege kisha mnazichoma. La nne, malipo, nilitaka kulisema kwa kirefu, maana fundi mwenye cheti akilipwa sawa na asiye nacho atakitumia kufungia maandazi. Basi, tutalijadili kwenye chai.

Lakini kabla ya chai. Ukumbi huu una dari nzuri, nimeiangalia tangu asubuhi, na tangu asubuhi mguu wangu huu wa kulia una baridi. Udi ninao. Wewe kijana wa karibu na mlango, uliyetaka kutoroka, funga huo mlango, njoo unishikie kiti nipande. Nani hapa alishiriki kujenga ukumbi huu? Msiogope, nyosheni mikono. Haya, tazameni moshi.